Mpagazi Niliyemtunga na Baraza la Warina Asali

Ukitaka kuichukua riwaya kongwe ya Ulaya na kuileta Tabora, kitu cha kwanza kitakachokusumbua ni theluji. Nawaambia mapema, wanangu, kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniambia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, kabla macho hayajachoka na kunilazimisha kustaafu. Tulikuwa na ofisi ya vyumba viwili katika mtaa wa Ng'ambo, hapo Tabora, kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya baiskeli. Humo tulizichukua riwaya za kale za nchi za mbali, zile ambazo kila mtu huzisifu na hakuna anayezimaliza, tukazisimulia upya kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Hatukutafsiri. Tulichukua mifupa ya hadithi, nyama tukaweka yetu. Na kwa kuwa tulikaa Tabora, kila hadithi tuliihamishia zama za misafara, enzi zile watu walipobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani na kurudi na vitambaa na shanga, na mji wetu ukiwa njiapanda ya yote. Kasri likageuka tembe la udongo. Farasi akawa punda, kwa sababu farasi huku kwetu alikuwa anakufa kabla ya kumaliza sura.

Sasa hiyo theluji. Katika riwaya ya kwanza niliyopewa, watu wanane walizuiliwa nyumbani na theluji kwa miezi mitatu, na kwa kukosa kazi nyingine wakaanza kupendana. Nikafikiri usiku na mchana. Nikaona kitu cheupe na baridi kinachotoka mbinguni ni mvua ya mawe. Nikaandika mvua ya mawe, nikampelekea Mwalimu Maganga.

Mwalimu Maganga ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alikuwa amefundisha historia mpaka akastaafu, mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa tai hata siku ya Jumamosi. Alisoma kurasa zangu akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi.

"Kalunde," akaniita. "Hii mvua ya mawe imenyesha siku ngapi?"

"Miezi mitatu, Mwalimu."

"Na paa la tembe lao ni la nini?"

"La udongo."

"Basi hawa wapenzi walikufa sura ya pili. Sura ya tatu wanaongea akina nani?"

Akavuta kiti, akakaa, jambo alilolifanya mara chache sana, akaniambia neno nililolishika mpaka leo: theluji katika hadithi haina kazi ya kuwa nyeupe, kazi yake ni kuwazuia watu wasiondoke. Nikajiuliza, hapa kwetu kitu gani kinawazuia watu wasiondoke? Mbuga zikijaa maji wakati wa masika. Nikaifuta mvua ya mawe, nikaijaza mbuga maji, watu wanane wakabaki ndani ya tembe, wakapendana vizuri tu. Kwa hiyo ninyi mkikutana na kitu kigeni, msiulize kinafanana na nini. Ulizeni kinafanya kazi gani.

Barua nazo zilinitesa. Riwaya hizo zimejaa barua. Msichana analia akiandika, mvulana analia akisoma. Lakini zama za misafara wengi hawakujua kuandika, na waliojua walitumia herufi za Kiarabu. Ikabidi kila barua ya mapenzi ipitie kwa mwalimu wa madrasa: yeye anaiandika kwa niaba ya msichana, na yeye huyo huyo anaitwa kumsomea mvulana. Mwisho wa kitabu nikagundua mwalimu wa madrasa ndiye mtu pekee anayejua kila kitu, na ndiye pekee anayeteseka kweli kweli, maskini, maana alikuwa akijibizana na nafsi yake. Wanafunzi walimpenda kuliko wapenzi wenyewe. Mwalimu Maganga alipomaliza kusoma alinung'unika kwamba huyu mzee angepewa mke. Tukampa.

Siku hizi mna simu. Mnauliza simu, inajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Sisi tulianza na taipureta iliyokosa herufi "d", hivyo "dada" ilibidi imaliziwe kwa kalamu. Siilaumu simu. Itakwambia piano ina uzito gani. Haitakwambia kwamba ukiibeba piano barabarani utaitiwa msiba.

Niwaeleze hilo, maana ndilo lililozaa kesi.

Tulipewa riwaya ambamo tajiri mmoja anamwagizia binti yake piano, na mwendesha mashua anayeileta anatoroka nayo mtoni. Mimi nikamfanya tajiri awe mfanyabiashara wa Tabora, piano ikashushwa Bagamoyo, ikabebwa na wapagazi wanane hadi huku. Niliona nimemaliza.

"Wanane?" akauliza Mwalimu Maganga. "Umehesabu?"

"Nimekisia."

"Mpagazi alibeba frasila mbili, kilo thelathini na kitu, Kalunde. Ukimzidishia, alitupa mzigo au alikutoroka. Uongo wowote unaokwenda kwa miguu lazima uchoke. Hatuandiki mpaka tumebeba."

Piano hatukuwa nayo. Nilikuwa na kabati la nguo la mninga, mali ya mama mkwe wangu. Tukalijaza matofali mpaka Mwalimu akaridhika na uzito, tukawaita wabeba mizigo wanne wa sokoni kwa kuanzia, tukalifunga kwenye miti miwili. Kwa sababu mama mkwe alikuwa ameniapisha kabati lisikwaruzwe, nikalifunika kwa shuka jeupe.

Mmeshaona kosa langu. Mimi sikuliona.

Tulitoka asubuhi kuelekea njia ya Kwihara, Mwalimu Maganga mbele na tai yake, mimi nyuma na daftari, nikiandika kila walipopumzika. Kabla hatujafika mbali mwendesha baiskeli akateremka, akavua kofia. Halafu mwingine. Wazee waliokuwa wamekaa barazani wakasimama. Bwana mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akaja mbio, akaingiza bega lake chini ya mti bila kuuliza, kama ilivyo desturi njema, akapokewa na mwingine, na mwingine. Kina mama waliokuwa wakitoka mazoezi ya kwaya wakajiunga, wakaanza wimbo, kwanza kwa sauti ya chini. Nikageuka nyuma, nikaona watu wasiopungua sitini.

"Mwalimu," nikamkimbilia, "wanadhani ni maiti."

"Naona," akasema. "Jaribio limeharibika. Wapagazi wetu wamepata msaada."

Mama mmoja akamsogelea. "Shikamoo, Mwalimu. Marehemu ni nani?"

Mwalimu Maganga hakuwa na uwezo wa kusema uongo kwa mdomo. Uongo wake wote ulikuwa wa kuandikwa. Akajibu, "Marahaba. Ni piano."

"Piano wa nani?"

"Wa tajiri mmoja."

Yule mama akashika kichwa. "Piano! Jamani! Na alikuwa bado kijana!"

Habari ikapita nyuma kwamba aliyefariki ni Piano, mtoto wa tajiri, na vilio vikaanza. Huku mbele wanaume wakawa wanajadiliana kwa adabu kama Piano alikuwa wa msikitini au wa kanisani, kwa sababu jina lake halikuwasaidia. Tulitembea hivyo hadi nje ya mji. Hatukuthubutu kusimama, maana tukisimama tungeulizwa kaburi liko wapi. Hatimaye ikabidi. Mwalimu Maganga akafunua shuka, akafungua kabati, akasimama pembeni.

Yule bwana wa msikitini akatoa tofali moja, akaligeuza, akalirudisha taratibu mahali pake. Kisha yule mama akafuta machozi akasema, "Tumeshafika mpaka hapa. Tuombe tu." Tukaomba. Walipomaliza wakatusaidia kurudisha kabati mpaka nyumbani, na mama mkwe hakunisemesha hadi Pasaka.

Lakini tulijifunza. Piano haibebeki nzima. Nikaivunja katika riwaya yangu: huyu kabeba miguu, yule mbao, yule vitufe ndani ya gunia. Fremu ya chuma yenye nyuzi, kitu kizito kupita vyote, nikampa mtu mmoja mwenye nguvu, kama wale waliojivunia kubeba pembe kubwa peke yao. Nikamwita Mihambo. Kila alipopiga hatua nyuzi zililia mgongoni kwake, na vijiji vilimsikia kabla ya kumwona. Tajiri alipompiga, Mihambo akatoroka na fremu yake kuelekea kusini, akajificha msituni, akaitundika mtini, na nyuki wakaingia humo wakajenga.

Siku nilipoandika sura hiyo ilikuwa saa saba mchana, na fundi cherehani wa jirani alikuwa anachemsha maharage. Harufu ilikuwa inapenya ukutani. Nilitaka kumaliza. Nikaandika sentensi ya mwisho haraka haraka: "Mihambo akawa mtu wa kwanza kutundika mzinga katika msitu wa Ipole, na kabla yake nyuki wa msitu ule hawakuwa na mwenyewe." Nikaenda kula.

Ipole sikuwahi kufika. Nilijua tu kwamba wanarina asali, nikaona inapendeza.

Kitabu kilichapishwa, kikaenda mashuleni, nikakisahau. Miaka miwili baadaye ikaja barua yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji kimoja huko mbele ya Ipole. Iliniita nikatoe ushahidi "kuhusu marehemu Mihambo na mali aliyoiacha." Nilimkumbuka Mihambo muuza mkaa wa mtaani kwetu, nikaenda kwake kumpa pole mkewe, Mihambo mwenyewe akanifungulia mlango akiwa mzima wa afya. Nilirudi nikaisoma barua mara ya tatu, ndipo nikatambua kwamba marehemu ni wangu.

Mwalimu Maganga, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kutembelea fimbo, akasema lazima twende wote. Tukapanda basi asubuhi, tukashuka Ipole, tukachukuliwa kwa pikipiki mbili hadi kijijini. Mwenyekiti wa kijiji, bwana mmoja mpole aliyeitwa Lukasi, alitupokea kwa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, akatueleza shauri kabla ya kuingia.

Kulikuwa na mzee aitwaye Simoni Kapaya. Mjukuu wake alileta kitabu changu nyumbani, akakisoma kwa sauti. Aliposoma jina la Mihambo, mzee akasimama. Babu yake mzee Kapaya aliitwa Mihambo. Na kweli alikuwa mpagazi. Kesho yake mzee Kapaya akaenda kwa Bibi Elizabeti Nsimba, ambaye ukoo wake ulikuwa umetundika mizinga katika sehemu ile ya msitu tangu enzi ambazo hakuna azikumbukaye, akamwambia aiteremshe. Mizinga sitini, imejaa, imebaki wiki chache irinwe. Ushahidi wake ulikuwa kitabu kinachosomwa shuleni. Nusu ya kijiji ilikuwa haizungumzi na nusu nyingine, na wakati wa ibada walikuwa wakikaa pande mbili za kanisa.

"Asali hiyo ndiyo wanayoishi kwayo," akasema Mwenyekiti Lukasi. "Sasa wewe ndiye uliyeandika. Utatuambia."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Baraza lilifanyikia darasani, katika shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yao yakigusa videvu. Mzee Kapaya alikaa kulia, mzee mnene, mwenye koti la suti. Bibi Elizabeti alikaa kushoto, mdogo kama ndege, kitenge amekifunga kifuani, macho yake hayakuniacha. Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na chuma chenye kutu na nyaya zilizosokotwa.

"Hicho nini?" nikamnong'oneza mwenyekiti.

"Piano," akanijibu kwa sauti. "Ameileta mzee Kapaya."

Mwalimu Maganga akainuka na fimbo yake, akaenda, akainama, akavaa miwani. "Hiki ni kitanda," akatangaza. "Ni springi za kitanda cha hospitali."

"Mwalimu," akasema mzee Kapaya kwa heshima, "piano ya babu yangu wewe uliiona?"

"Hiyo sikuiona."

"Basi."

Mwalimu Maganga, ambaye hakuwahi kushindwa katika hoja ya historia, akanyoosha kidole akagusa waya mmoja. Ukalia, ting! Darasa zima likaguna kwa mshangao, na ukoo wa Kapaya ukapiga makofi.

Nikaitwa mimi. Karani wa kijiji alikuwa na daftari kubwa, na alikuwa akiandika kila neno huku ametoa ulimi nje kidogo.

"Mama Kalunde," akauliza mwenyekiti, "huyu Mihambo ulimwona?"

"Sikumwona. Nilimtunga."

"Ulimtungia wapi?"

"Ng'ambo. Mezani kwangu."

Karani akaandika huku akisoma kwa sauti: "Shahidi anasema Mihambo chimbuko lake ni Ng'ambo."

"Hapana! Hakuwa na chimbuko. Hakuwepo."

"Hakuwepo Ng'ambo," akaandika karani.

"Hakuwepo popote!"

Mzee Kapaya akainua mkono. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mwanangu, una uhakika gani kwamba babu yangu hakuwepo? Wewe umekuja hapa leo. Mimi nimelala mgongoni kwa baba ambaye yeye alimzaa."

Alikuwa na haki. Mihambo wake alikuwepo. Nikafungua mkoba, nikatoa ile riwaya ya Ulaya, karatasi zimekuwa njano, nikawaonyesha kwamba mtu huyu tangu mwanzo alikuwa mwendesha mashua wa nchi ya mbali, na mto wake uko huko, na piano yake iko huko.

Mwenyekiti Lukasi akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. "Kwa hiyo," akasema polepole, "Mihambo alifika mpaka Ulaya?"

Ukoo wa Kapaya ukapiga makofi tena.

Tulipewa mapumziko. Nilitoka nje nikakaa kwenye kibaraza cha darasa, jasho linanitoka. Bibi Elizabeti akaja akakaa karibu nami, akanyoosha miguu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usihangaike kumuua. Mtu ambaye watu wanamtaka hafi. Mpe binti. Andika alikuwa na binti, aliolewa kwetu. Mizinga itakuwa ya wote."

Nilimwangalia. Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo najua lingefanya kazi siku ile ile. Wanangu, nilikuwa na kalamu mkobani. Mwalimu Maganga, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia. Alinitazama tu.

"Bibi," nikasema, "nikiandika hivyo nitakuwa nimedanganya mara mbili kuhusu mahali nilipofika mara moja."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui."

Tuliporudi ndani niliomba kusema. Nikawaeleza jinsi ilivyokuwa. Nikawaeleza kuhusu maharage ya fundi cherehani. Nikasema sentensi ile niliiandika kwa njaa, saa saba mchana, nikitaka kumaliza, na kwamba sikumuuliza mtu yeyote wa huku ni nani aliyetundika mzinga wa kwanza. Tulikuwa tumebeba kabati zima la matofali kuhakikisha uzito wa piano, lakini kuhusu msitu wao sikubeba hata nauli ya basi kuja kuuliza.

Karani akaacha kuandika. "Maharage niyaandike?" akamuuliza mwenyekiti.

"Yaandike."

Mzee Kapaya alikuwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo hukuuliza," akasema.

"Sikuuliza, babu. Nisamehe."

"Na yule Mihambo wa kitabuni si babu yangu."

"Si yeye."

Madawati yakalia watu wakijigeuza. Aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Babu yangu alikwenda pwani mara nne. Alikuwa na nundu hapa begani, ya mizigo. Sisi watoto wa nyumba ile tulisimuliwa hiyo nundu kuliko tulivyosimuliwa sura yake. Hakuna kitabu kilichowahi kumtaja. Siku nilipolisikia jina lake linasomwa, nilimwambia mjukuu arudie mara tatu. Nikasema, haya, hatimaye."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Elizabeti ndiye aliyeongea, akiwa amekaa pale pale kwenye dawati lake.

"Kapaya. Babu yako aliporudi safari ya mwisho alikuwa na nini?"

"Hakuwa na kitu. Alirudi anaumwa."

"Nani alimpa mzinga wa kwanza?"

"Bibi yako," akasema mzee Kapaya. "Ndivyo mama alivyonisimulia. Aliuchonga yeye mwenyewe, wa gome, akamwonyesha mti wa kuutundika."

"Sasa unaniteremshia mizinga?"

Mzee Kapaya akainuka kwa shida kutoka kwenye lile dawati dogo, nalo likainuka naye, likabidi vijana wawili wamvute wamtoe. Alipokuwa huru akaenda mezani, akazichukua springi zake, akazitoa nje. Aliporudi akasema, "Mizinga ibaki ilipo. Lakini huyu mama atoe sentensi ile, aweke nyingine."

"Sawa kabisa," nikasema kwa furaha. Sikujua nilichokubali.

Kwa sababu baada ya hapo kila mtu alikuwa na jina. Kama bibi yake Elizabeti ametajwa na babu yake Kapaya ametajwa, kwa nini aachwe yule aliyegundua mti wa nyuki wakali? Na yule aliyekuja na ufundi wa moshi? Na yule mama aliyejifungua mtini akirina? Tulilala kijijini siku tatu. Sentensi ile ilitungwa na baraza zima, koma kwa koma, ikapigiwa kura mara mbili, na karani akanitolea nakala yenye mhuri. Ilikuwa na urefu wa ukurasa mmoja na nusu. Nilijaribu kuomba nukta katikati. Wakakataa, kwa maana atakayekuwa baada ya nukta ataonekana wa mwisho.

Nilifika Ng'ambo nikaiweka kitabuni jinsi ilivyo. Mhariri wa huko tulikopeleka kuchapisha alipiga simu kuuliza kama mashine yangu imeharibika. Nikamwambia hapana, ndivyo walivyosema wenyewe. Walimu wa Kiswahili wamenitukana sana kwa sentensi hiyo, na wanafunzi wanaogopa kuisoma kwa sauti kwa sababu hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Sijutii hata koma moja.

Ila kuna jambo moja la mwisho kuhusu sentensi hiyo, na hili, wakati Mwalimu Maganga akiwa hai, nilimwambia mtu mmoja tu.

Nilipokuwa napitia nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa, nilihesabu majina, yakazidi kwa moja. Kati ya yule wa moshi na yule aliyejifungua mtini kulikuwa na "na Maganga wa Ndala, aliyetundika mmoja." Nakala yenye mhuri haikuwa na mtu huyo. Nikaenda na karatasi, na kalamu nyekundu ya Mwalimu niliyokuwa nimeiazima, chumba cha pili.

"Mwalimu, huyu nani?"

Hakuinua macho. "Babu yangu. Alikuwa mpagazi."

"Alipita kule?"

"Mahali fulani alipita, Kalunde. Miaka arobaini nimefundisha historia, na sijaona mahali pa kumweka." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimempa mmoja tu."

Niliirudisha kalamu nyekundu mezani kwake. Sikulifuta jina, wala sikukata shauri la kuliacha. Asubuhi yake nikapanda basi la Ipole.

Nilimkuta Bibi Elizabeti nyuma ya nyumba anakamua masega, mikono imejaa asali hadi viwikoni. Nikamsomea lile jina. Nikamweleza ni nani, na nani aliyemwandika. Akafikiri, akilamba kidole.

"Huyo simjui," akasema. "Huyo hakupita hapa."

"Basi nimtoe?"

"Umesema ametundika mizinga mingapi?"

"Mmoja, bibi."

"Mmoja?" Akarudi kwenye masega yake. "Mwache. Msitu ni mkubwa."